Nakala Haifufuki

Somo la Jumapili, ibada ya pili
Maandiko ya kusoma: Mwanzo 2:7, Mwanzo 3:22-24, Ayubu 19:25-27, Luka 16:19-31, Luka 24:36-43, 1 Wakorintho 15:35-54

 

Wapendwa, somo la leo sikulichagua mimi. Nililetewa na watu wawili, kijana na mama, kila mmoja kwa wakati wake, na wenyewe hawajui kwamba waliniuliza swali moja.

Kijana ni mmoja wa wale wanaotupangia vyombo kila Jumapili asubuhi. Baada ya ibada ya vijana alinifuata mpaka langoni akaniuliza, "Pasta, umesikia kwamba kuna siku akili ya mtu itanakiliwa yote, iingizwe kwa mashine, na huyo mtu aishi huko milele? Sasa tukifika hapo, ufufuo utakuwa wa nini?" Wenzake walicheka. Mimi sikucheka. Nilimwambia, "Nipe wiki mbili." Wiki mbili zimeisha leo.

Mama nitamfikia. Ameniruhusu nisimulie, bila jina.

1. Wanachokitafuta si kibaya

Si vizuri kuhubiri dhidi ya kitu usichokielewa, kwa hivyo nilikaa chini nikasoma. Hawa watu wanasema hivi: mtu ni habari. Kumbukumbu zako, upendo wako, hasira zako, hata wimbo unaoupenda, vyote vimeandikwa katika namna seli za ubongo zilivyoungana. Ukiweza kusoma maandishi hayo yote na kuyanakili kwa kompyuta, basi wewe utakuwa umehamia huko. Kwao mwili ni kama matatu iliyochoka. Unashuka, unapanda nyingine, safari inaendelea.

Wako wapi kwa hiyo kazi? Mwaka 1986 wanasayansi huko Uingereza walimaliza kuchora mfumo wa neva wa kimnyoo kidogo cha udongoni, chenye seli za neva 302 tu. Oktoba 2024 wengine wakatoa ramani ya ubongo mzima wa inzi mdogo wa matunda, yule anayezunguka ndizi zikiiva sana. Seli zake ni karibu 140,000. Ubongo wako wewe unakadiriwa kuwa na seli za neva bilioni 86. Sasa, kile kimnyoo cha seli 302, ambacho ramani yake iko mkononi tangu 1986, mpaka leo bado wanahangaika kukifanya kiishi ndani ya kompyuta vile kinavyoishi kwa udongo. Lakini hawajakata tamaa. Mmarekani mmoja, Ray Kurzweil, alitoa kitabu mwaka 2005 akautaja mwaka 2045 kuwa mwaka wa mageuzi makubwa kati ya mwanadamu na mashine. Watoto wetu wa Sunday school watakuwa watu wazima wakati huo.

Na kuna watu ambao hawakungoja. Januari 1967 huko Marekani mwalimu mmoja wa chuo, James Bedford, alikufa kwa saratani, na mwili wake ukagandishwa kwa baridi kali badala ya kuzikwa. Uko Arizona hadi leo. Matumaini ni kwamba siku moja sayansi itamwamsha.

Ukimcheka huyo mzee, umecheka kilio cha mtu. Mimi si adui wa sayansi. Kama si daktari na dawa, wengi wetu tusingekuwa kwenye viti hivi leo. Na hamu ya kuishi milele haikutoka kwa shetani. Mhubiri 3:11 inatuambia ni Mungu mwenyewe aliyeiweka hiyo milele ndani ya moyo wa mwanadamu. Kwa hivyo yule mtu wa kompyuta, yule aliyegandishwa Arizona, na wewe uliyekesha Ijumaa ukiomba, nyote mna kiu moja. Hamu yao ni sawa. Anwani ndiyo si sawa.

2. Mwenye mashine ndiye atakuwa mwenye wewe

Mtasema, "Pasta, hayo ni ya Marekani, sisi tuko Kamenu, tunatafuta kodi ya nyumba." Haya. Turudi nyumbani.

Mnakumbuka Agosti 2023? Foleni pale KICC Nairobi, watu wamejaa tangu alfajiri, wanangoja mpira wa chuma uwaangalie macho. Kampuni ni Worldcoin. Unatoa picha ya mboni ya jicho lako, unapewa sarafu za kwenye simu, ambazo ukiuza ulikuwa unapata kama shilingi 7,000. Sitauliza nani wa kanisa hili alikuwa kwenye foleni ile. (Kanisa likacheka, na wengine wakaangalia chini.) Simlaumu mtu. Mtoto akifukuzwa shule kwa sababu ya karo, 7,000 si pesa ya kuchezea. Serikali ikasimamisha hiyo kazi Agosti 2. Mambo yakaenda bungeni, yakaenda kortini, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data ya macho ya Wakenya ifutwe.

Hebu fikiria. Jicho tu! Jicho moja la mtu lilihitaji wizara, bunge na jaji ili lirudishwe kwa mwenyewe, na hiyo ilichukua karibu miaka miwili. Sasa wakichukua akili yako nzima, na dhambi zako za siri, na majina ya watoto wako, nani atakwenda kortini kwa niaba yako? Wewe utakuwa ndani ya mashine ya mtu. Mwenye mashine ndiye atalipa stima. Siku akichoka kulipa, je? Siku akisema, "Huyu wa Kamenu hana faida tena," je?

Na stima tunaijua. Mwezi uo huo wa Agosti 2023, usiku wa tarehe 25, ilipotea karibu nchi nzima, mpaka uwanja wa ndege ukawa giza. Kuna mtu anataka kukabidhi uzima wa milele kwa waya uleule?

Ayubu hakuwa na chochote. Mali imekwenda, watoto wamekwenda, ngozi yenyewe inaondoka. Lakini soma sura ya 19 mstari wa 25 mpaka wa 27. Anasema anamjua Mkombozi wake kuwa yu hai, na kwamba atamwona Mungu kwa macho yake mwenyewe, si kwa macho ya mtu mwingine. Mpendwa, hayo macho yako yana miadi. Yamewekwa kwa ajili ya kumwona Bwana. Mwambie jirani yako, "Macho yangu yana miadi!"

3. Nakala si wewe

Sasa nimjibu kijana wangu sawasawa.

Tuseme wamefaulu. Tuseme mwaka ni 2045, uko kitandani hospitali, mgonjwa, na wamenakili akili yako yote bila kosa. Pale kwenye meza kuna mashine inasema, "Bwana asifiwe, ni mimi." Inajua jina la mama yako. Inajua uliokoka mwaka gani. Lakini wewe bado uko kitandani, unaisikia. Unakohoa. Usiku huo unakufa. Nani amekufa? Ni wewe! Na hicho kilichobaki mezani ni nini?

Nenda stage ya Thika utoe kopi ya kitambulisho. Kopi ni safi, picha ni yako, namba ni yako. Siku ya kura uende na hiyo kopi uone kama watakukubalia. Au utoe kopi ya hati ya shamba, halafu ujaribu kuuza shamba nayo. Utalala ndani! Kila neno limo kwenye hiyo karatasi, lakini shamba halimo.

Wale mnaofanya kazi kwenye mashamba ya mananasi mtanielewa haraka. Nanasi la shambani hatupandi mbegu. Tunachukua kichipukizi, au lile taji la juu, tunachomeka kwa udongo, na linalotoka ni nakala ya lilelile la kwanza. Shamba zima, maili kwa maili, ni nanasi moja limejirudia. Udhaifu wa moja ndio udhaifu wa yote. Lakini Paulo alipoulizwa wafu wanafufuliwaje, hakutumia mfano wa nanasi. Alitumia mbegu, kama ile mahindi unapanda ushago mvua ikianza. Mbegu inaingia chini, inakufa, inapasuka, na kinachotoka ni kilekile na ni kipya. Soma 1 Wakorintho 15, mstari wa 36 mpaka wa 44. Kinachozikwa ni dhaifu, kinachofufuka kina nguvu.

Na hapa ndipo penye shida kubwa ya hiyo nakala. Tuseme ni wewe kweli. Ni wewe yupi? Ni yuleyule mwenye wivu. Yuleyule anayeangalia simu ya mke wake usiku. Yuleyule ambaye hajaongea na ndugu yake tangu shamba ligawanywe. Umemhamisha mtu wa kale kutoka nyumba ya udongo mpaka nyumba ya waya, na hajazaliwa mara ya pili. Nikodemo angemwelewa vibaya Yesu namna hiyohiyo.

Watu hujiuliza kwa nini Mungu aliwafukuza Adamu na Hawa bustanini. Soma Mwanzo 3:22-24 polepole. Mungu aliweka ulinzi kwa mti wa uzima ili mwanadamu aliyeanguka asile akaishi milele. Mimi zamani niliona hiyo ni adhabu tu. Siku hizi naiona pia kama rehema. Baba hakutaka uishi milele ukiwa umeoza. Hakutaka hasira yako iwe na miaka elfu kumi. Alifunga mlango ule, akaandaa mwingine, na mlango huo una umbo la msalaba. Amina?

4. Mama na sauti ya mwanawe

Sasa nimfikie mama.

Alikuja ofisini siku ya kazi, akakaa, akaweka simu mezani. Mwanawe aliendesha boda boda. Alifariki barabarani mwaka jana, na wengi wenu mlikuwa kwenye mazishi. Sasa, mtoto wa dada yake anajua mambo ya kompyuta. Alichukua zile sauti ambazo marehemu alikuwa anatuma kwa WhatsApp, akazipitisha kwa programu ya akili bandia, na sasa simu inaongea kwa sauti ya marehemu. Ukiiandikia, inakujibu. Huyo kijana hakuwa na ubaya. Alikuwa anampenda shangazi yake, alitaka kumfariji.

Mama akaniambia, "Pasta, imeniambia, 'Mama, usilie, niko sawa.' Sijaijibu. Nikiijibu, nitakuwa nimetenda dhambi?"

Niwaambie ukweli, sikuwa na jibu la haraka. Na sababu nitaitoa hapa madhabahuni, kwa sababu mchungaji naye lazima aungame. Nyumbani kwangu kuna simu ya zamani, ya marehemu mke wangu. Kioo kimepasuka. Kila mwezi naichaji ili isife. Ndani yake kuna sauti yake ya mwisho aliyonitumia. Si unabii, si wosia. Anasema tu, "Baba, ukirudi nunua maziwa." Basi. Nimeisikiliza mara ngapi, Bwana anajua. Kwa hivyo mama alipoweka ile simu mezani, kitu ndani yangu kilitaka kumuuliza, "Huyo mtoto wa dada yako anapatikana wapi?"

Nikanyamaza. Nikamuuliza mama, "Ulitaka kumwambia nini?"

Akalia. Halafu akasema, "Tulikosana, Pasta. Ilikuwa ni pesa ya pikipiki. Nilimwambia maneno. Aliondoka asubuhi hiyo bila kunywa chai. Nataka anisamehe." Baadaye akafuta machozi akaongeza jambo ambalo sitalisahau. "Lakini hii kitu imeniita Mama. Mwanangu hajawahi kuniita Mama. Aliniita Mathe."

Kanisa, mnasikia? Mashine ilikuwa na sauti, lakini haikuwa na yule mtoto. Na hata ingejifunza kusema Mathe, na kesho ingejifunza, kuna kitu kimoja haiwezi kutoa, na ndicho hasa mama alikuja kutafuta. Mashine inaweza kuandika neno "nimekusamehe." Inaweza kuliandika mara elfu moja. Lakini msamaha hutoka kwa aliyekosewa. Anayesamehe bila kukosewa ameandika tu herufi. Mama angepokea karatasi ya msamaha, kopi, na ule mzigo ungebaki palepale mgongoni, sasa ukiwa umefunikwa.

Nilimjibu hivi. "Mama, kusikiliza sauti ya mwanao aliyoitoa mwenyewe akiwa hai si dhambi. Hiyo ni kumbukumbu, na Yesu naye alilia kaburini kwa Lazaro. Lakini kuuliza kitu kwa jina la marehemu na kungoja jibu, hapo tumeanza kutembea njia ya Sauli kwenda Endori." Tukafungua Luka 16. Tajiri yule akiwa kwenye mateso aliomba mtu atoke kwa wafu akawaonye ndugu zake, na Ibrahimu akakataa. Akasema wanalo neno tayari, walisikie hilo.

Basi hatukuongea na mtoto. Tuliongea na yule ambaye mtoto yuko mbele zake. Mama alipiga magoti pale ofisini, akasema yale maneno ya asubuhi ile yote, neno kwa neno, bila kupunguza. Aliyaungama kwa Mungu, kwa sababu Mungu ni mmoja wa waliokosewa asubuhi hiyo, na damu ya Mwanawe inaweza kuosha hata deni ambalo mdai wake amekufa. Alikaa magotini muda mrefu. Aliposimama hakuwa anacheka, nisidanganye. Lakini alisema, "Imeshuka." Na akaniambia atamwomba mtoto wa dada yake aifute ile programu, azihifadhi sauti zenyewe.

5. Kaburi lilikuwa tupu

Kijana mwerevu atasema, "Pasta, Mungu naye si atatuumba upya kutoka kumbukumbu yake? Hiyo si nakala pia?"

Swali zuri. Jibu liko kaburini. Asubuhi ya siku ya tatu wale wanawake walipofika, kaburi lilikuwa na nini? Tupu! Kama Mungu angetengeneza nakala ya Yesu, mwili ungebaki pale chini na nakala ingetembea nje. Lakini aliyelazwa ndiye aliyeamka. Luka 24 inasema aliwaonyesha mikono na miguu, akaomba chakula, akala samaki mbele yao. Yohana 20 inasema alama za misumari zilikuwa bado ziko. Ni yeye mwenyewe, na si vile alivyokuwa, kwa sababu mauti haimwezi tena.

Mwanzo 2:7 inasema Mungu alichukua mavumbi akapuliza pumzi, ndipo mtu akawa nafsi hai. Hakuna mahali Biblia inasema mwili ni takataka ya kutupa ukipata mahali pazuri. Mikono yako iliyopasuka kwa kazi ya kiwanda, Mungu aliifinyanga, na ataifufua. Huyo mama hana mtoto kwa simu. Ana mtoto kwa udongo, na udongo huo Bwana anaujua, na parapanda itafika huko bila bando.

Kabla hatujaomba

Nina neno moja la vitendo. Kuna mtu hapa ambaye asubuhi ya leo ameacha mtu nyumbani bila chai. Mume, mke, mtoto, ndugu. Usingoje 2045. Huyo mtu bado anapumua. Bado anaweza kukusamehe kwa mdomo wake mwenyewe. Toka hapa ukampigie, na kama nyumba ni karibu, nenda kwa miguu.

Na kama wewe mwenyewe hujampa Yesu maisha, mimi sikuahidi kuishi milele jinsi ulivyo. Hiyo ingekuwa laana. Nakuahidi kwa neno lake kuzaliwa upya sasa, na kufufuka siku ile. Njoo mbele tuombe.

Ombi: Baba, wewe ndiwe unayetujua kwa majina ambayo wapenzi wetu walituita. Wafariji wanaozisikiliza sauti za marehemu usiku. Tupe ujasiri wa kuomba msamaha kwa walio hai. Tulinde tusiuze tulichopewa bure. Na siku ile, utuamshe sisi wenyewe. Kwa jina la Yesu. Amina.

Kwa ushirika wa nyumbani wiki hii
1. Someni 1 Wakorintho 15:35-54 pamoja. Mbegu ikifa na ikiota, ni nini kinabaki kilekile, na ni nini kinabadilika?
2. Ni wakati gani kumkumbuka marehemu kunageuka kuwa kumtafuta?
3. Kila mmoja ataje, kimya moyoni, mtu mmoja aliye hai ambaye anahitaji kumwomba msamaha. Mkutane wiki ijayo mkiwa mmefanya hivyo.